Katuni imebuma, sawa. Imebuma wapi?

Hukumu huwa fupi. Katuni mpya ya vichekesho imesubiriwa kwa hamu, imerushwa kwenye flashi dukani Mwanga, hapa Kigoma, imetazamwa sehemu mbili, na jibu linatoka: "Imebuma." Mwingine anasema inaboa. Wa tatu, aliyelipa kiingilio kwenye kibanda umiza, anaongeza kwamba hela yake imeliwa. Kila mmoja anaondoka akiamini kwamba wote watatu wamesema kitu kimoja.

Hawajasema kitu kimoja. Mwenye boti pale Kibirizi akisema injini imegoma, fundi haanzi kwa kuifungua. Anauliza kama petroli imeingia maji, kama plagi imelowa, kama kipande cha wavu kimejisokota kwenye propela. "Imegoma" ni jina la matokeo, si la ugonjwa. "Haichekeshi" nalo ni vivyo hivyo. Chini yake kunaweza kuwa na kosa la mwandishi, la mchoraji, la aliyeitafsiri, au la aliyeipanga ionyeshwe saa nane mchana mbele ya watoto. Na mara nyingine katuni haina kosa lolote: mtazamaji alikuja akiwa tayari amenuna.

Tuanze na kosa zito kuliko yote, ambalo watazamaji hulihisi mara moja lakini ni nadra kulitaja kwa jina lake.

Matusi yasiyo na utani

Kati ya Tabora na Kigoma hakuna haja ya kumfundisha mtu utani ni nini. Wanyamwezi waliokwenda pwani na misafara ya biashara walijenga utani na makabila waliyokutana nayo, na mpaka leo mtani anaweza kuingia msibani, akavaa nguo za marehemu, akazuia kaburi lisifukiwe mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Maneno yale yale yakitamkwa na mpita njia, ataondoka na manundu. Maneno hayakubadilika. Kilichokosekana ni ruhusa, na ruhusa hiyo hujengwa kwanza, ndipo kejeli zije.

Katuni ya vichekesho ya watu wazima huishi kwa ruhusa hiyo hiyo. Baba mlafi, mzee mchoyo, kijana mjuaji: wote wanachekesha baada ya mtazamaji kuonyeshwa kitu cha kumfanya awavumilie. Homer Simpson ni mvivu na mlafi, lakini sehemu ya kwanza ya The Simpsons, iliyorushwa Marekani tarehe 17 Desemba 1989, haikumtambulisha kwa ulafi. Ilimtambulisha kama baba aliyekosa bonasi ya Krismasi, akaona aibu kuiambia familia, akaenda kimya kimya kufanya kibarua cha kuvaa kama Baba Krismasi dukani. Mzazi yeyote aliyewahi kurudi nyumbani mifuko mitupu siku ya sikukuu anamwelewa. Baada ya hapo Homer alikuwa na leseni ya kufanya ujinga, na ameitumia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Katuni inayobuma huruka hatua hiyo. Dakika ya kwanza mhusika mkuu anamsuta mzazi wake, ya pili anamdharau rafiki yake, ya tatu anaigeukia kamera na kuzicheka katuni nyingine kwa makosa ambayo na yeye anayafanya. Waandishi wameandika kejeli kali, pengine hata za ufundi, lakini hawajatengeneza undugu. Mtazamaji anasema "inatukana tu", na yuko sahihi kuliko anavyojua.

Mfano uliozua kelele nyingi miaka ya karibuni ni Velma, iliyoanza kuonyeshwa HBO Max, huduma ya video ya mtandaoni, tarehe 12 Januari 2023. Iliwachukua wahusika wa Scooby-Doo, katuni ya vijana wapelelezi na mbwa wao, ambao wako kwenye televisheni tangu 1969, ikawafanya wa katuni ya watu wazima, ikabadilisha asili ya baadhi yao, na mbwa mwenyewe hakuwemo. Malalamiko yalimiminika, lakini ukiyatenganisha unaona makundi yasiyofanana hata kidogo. Kundi la kwanza lilikulia na wahusika wale. Hasira yao ilikuwa ya ahadi iliyovunjwa. Ni sawa na kuagiza mgebuka ukaletewa sato. Sato si samaki mbaya, ila siye uliyemwita. Kundi la pili halikuwajua kabisa wahusika wa zamani, na bado lilisema watu hawa hawapendeki na hawaachi kujisifu kwa werevu. Hilo ndilo kosa la utani. Kundi la tatu lilikasirika tangu picha za matangazo, likatoa hukumu bila kutazama hata dakika moja.

Ukiyachanganya makundi haya hutajua kama katuni inaweza kupona. Malalamiko ya kundi la kwanza hayana tiba, kwa sababu katuni ingelazimika kuwa katuni nyingine. Ya kundi la pili yana tiba, tena ya kawaida: punguza kejeli, mpe mhusika shida ya kweli. Ya kundi la tatu ni ya kuachwa yalivyo.

Kipimo chepesi kwa mtazamaji ni hiki. Katika dakika kumi za mwanzo, je, kuna hata mara moja mhusika mkuu ametaka kitu ambacho na wewe ungekitaka: hela ya kodi, heshima, kupendwa, kulala? Kama hakuna, uwezekano ni mdogo kwamba dakika kumi na mbili zinazofuata zitakuchekesha, hata kama kejeli zenyewe ni nzuri.

Kwa nini kulalamika leo hakubadilishi sehemu ya kesho

Watazamaji wengi hushangaa: watu wamesema tangu wiki ya kwanza kwamba mhusika fulani anapiga kelele mno, na wiki ya nane bado anapiga kelele. Wanadhani wenye katuni wana kiburi. Pengine wanacho, lakini sababu ya kawaida ni ratiba.

Sehemu moja ya nusu saa kwenye televisheni ya Marekani, ukitoa matangazo, ina dakika 22 hivi. Hizo ni sekunde 1,320. Kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde, unapata fremu 31,680. Wachoraji hupunguza mzigo kwa kuuacha mchoro mmoja ukae fremu mbili, kwa hiyo hesabu inashuka hadi michoro 15,840 kwa kiumbe kimoja anayesogea muda wote. Na wahusika ni wengi.

Kabla ya kufika huko, mswada umeandikwa na kusomwa mezani mbele ya waigizaji, sauti zimerekodiwa, na hadithi nzima imechorwa kwa picha za harakaharaka zilizopangwa kwa mfuatano, ambazo wenyewe huziita storibodi. Storibodi huunganishwa na sauti ikawa video mbovu ya kupimia muda, inayoitwa animatiki. Hapo ndipo vichekesho hukatwa, husogezwa au huandikwa upya kwa bei nafuu. Baada ya animatiki, kazi hutumwa studio za kuchora, na kwa miaka mingi katuni za Marekani zimetumwa Korea Kusini. Inarudi ikiwa na rangi, makosa yanaorodheshwa, vipande vinachorwa upya, kisha muziki na milio inawekwa. Kutoka mswada hadi kurushwa hewani, miezi sita hadi tisa ni jambo la kawaida, na wengine huzidi mwaka.

Kwa hiyo siku unapotazama sehemu ya kwanza, ya nane huwa imeshachorwa. Wanaotoa msimu mzima kwa siku moja mtandaoni wana hali mbaya zaidi: hakuna hata sehemu moja iliyobaki ya kurekebisha. Lalamiko lako, likisikika, litaonekana msimu wa pili, kama upo. Katuni inayojulikana kwa kukwepa foleni hii ni South Park, ambayo kwa miaka mingi imetengeneza sehemu kwa siku sita tu. Inawezekana kwa sababu wahusika wake ni vikaragosi vinavyofanana na karatasi zilizokatwa, vinasogezwa na kompyuta ndani ya jengo moja, bila kusubiri kifurushi kutoka ng'ambo.

Ratiba ndefu huzaa ugonjwa mwingine: kichekesho kilichochacha. Kejeli juu ya mwanasiasa au mwimbaji aliyevuma Januari inafika kwa mtazamaji Oktoba. Mtazamaji wa Ujiji anasema "hii tumeshaicheka zamani." Mwandishi hakulala usingizi. Utani wake ulikuwa kwenye foleni ya kupakwa rangi.

Na kuna makosa ya kuchora yenyewe. Hapa historia ya The Simpsons inafundisha tena. Sehemu iliyotengenezwa mwanzo kabisa haikuwa ile ya Krismasi. Ilikuwa nyingine, iliyorudi kutoka Korea Kusini ikiwa imeharibika kiasi kwamba takribani asilimia 70 ilibidi ichorwe upya. Uzinduzi uliokuwa umepangwa mapema zaidi mwaka ule ukasogezwa hadi Desemba, na sehemu ile ikarushwa mwisho wa msimu, tarehe 13 Mei 1990. Waliokuwa na pesa na muda walirudia. Asiyekuwa navyo anarusha kilichopo, na watazamaji wanasema "wamechora kama wanakimbizwa."

Kauli hiyo nayo ichunguzwe. Mchoro mchache si lazima uwe mbaya. Kampuni ya Hanna-Barbera iliingia kwenye katuni za televisheni miaka ya 1950 kwa mbinu ya kusogeza vipande tu: mwili umetulia, kichwa na mdomo vinachezacheza. Ndiyo maana dubu Yogi ana tai na kola shingoni. Kola inaficha maungio ya kichwa kinachochorwa upya na kiwiliwili kisichoguswa. Watu walicheka bila kujali. Mchoro mchache unakuwa kosa pale mwandishi alipoandika kichekesho cha mwili, cha kuanguka au kukimbia, kisha fundi akakosa fremu za kukitekeleza. Kinachobaki ni wahusika wamejipanga mstari kama wanaosubiri daladala, wakielezana kwa maneno kitu ambacho kingepaswa kuonekana.

Kipimo chake: zima sauti kwa dakika tatu, mahali popote katikati. Kama unaweza kukisia nani kamkasirikia nani na nani anamdanganya nani, uchoraji unafanya kazi yake. Kama ni midomo tu inayofunguka, basi unatazama redio iliyopakwa rangi.

Sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya katuni

Kwa mtazamaji wa kibanda, katuni inayohukumiwa mara nyingi si ile iliyotengenezwa Marekani. Ni ile iliyopita mikononi mwa mtafsiri. Utamaduni wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, ambao Kapteni Derek Mukandala, maarufu Lufufu, alikuwa miongoni mwa waliousukuma Tanzania, umewapa watu burudani kubwa kwenye filamu za ngumi na za Kihindi. Kwenye katuni za vichekesho mbinu hiyo hiyo hujikwaa, na sababu zake ni za kiufundi kabisa.

Ya kwanza ni ukimya. Kwenye filamu ya mapigano ukimya ni nafasi ya msimulizi kuchomeka maneno. Kwenye kichekesho, ukimya ndio bunduki yenyewe. Mhusika anasema upuuzi, mwenzake anamtazama bila kupepesa kwa fremu 12, yaani nusu sekunde, ndipo anajibu. Nusu sekunde ile imepimwa kwenye animatiki na kubishaniwa na watu kadhaa. Msimulizi akiijaza kwa "hapa jamaa kashangaa", ameua kichekesho na kukizika.

Ya pili ni urefu wa maneno. "No" ni silabi moja, "hapana" ni tatu. "Sorry" ni mbili, "samahani" ni nne. Sentensi ya Kiswahili mara nyingi inahitaji muda mrefu zaidi kuliko mdomo uliochorwa kwa Kiingereza. Msimulizi ama anakimbia, watu hawasikii, ama anachelewa, na neno la kuchekesha linatua wakati picha imeshahamia kwingine. Watazamaji wanaona mhusika mwingine kabisa ndio wanasikia utani wa yule aliyepita.

Ya tatu huwa haizungumzwi: katuni haina sauti ya asili. Kwenye filamu ya kawaida mlango ukigongwa unaweza kusikika kwa sababu tu uligongwa. Kwenye katuni kila mlio, kila unyayo, kila muziki unaokatika ghafla, uliwekwa na mtu kwa kusudi, na sehemu kubwa ya kicheko iko humo. Msimulizi anapoishusha sauti ya nyuma ili yeye asikike, anafuta nusu ya vichekesho bila kujua.

Halafu kuna vichekesho visivyotafsirika. Utani juu ya bata mzinga wa sikukuu ya shukrani, au juu ya mtangazaji wa runinga asiyejulikana nje ya Marekani, hauna pa kushika Gungu wala Katubuka. Msimulizi ana njia mbili. Akiufafanua, hakuna anayecheka kichekesho kilichofafanuliwa. Akiubadilisha kwa wake, anaweza kufanikiwa sana: badala ya bata mzinga anaweka foleni ya kukata tiketi ya treni ya kwenda Tabora, na kibanda kinalipuka. Ila hapo watu wamemcheka yeye. Wakisema katuni ni kali, wamempa mwandishi wa Marekani sifa isiyo yake. Na msimulizi mwingine akiirudia vibaya wiki ijayo, watampa lawama isiyo yake pia.

Mtu anayetaka kuihukumu katuni yenyewe aitazame kwa sauti yake ya Kiingereza na maandishi chini, hata kama Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Maandishi hayafuniki ukimya.

Namba za mtandaoni zinapima nini

Baadhi ya watu hawasubiri kutazama. Wanafungua simu, wanaona alama, wanaamua. Alama hizo zina maana, lakini si ile inayodhaniwa.

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, si wastani wa maksi. Ni hesabu ya wahakiki waliosema inafaa, ukigawa kwa wote. Wahakiki kumi wakiipa katuni maksi 6 kati ya 10 kila mmoja, na wote wakahesabiwa kuwa wameikubali, inapata asilimia 100. Wanne wakiipa 9 na sita wakiipa 5, wastani wake ni 6.6, juu kuliko ile ya kwanza, lakini asilimia itasoma 40 na itawekewa nyanya ya kijani iliyopasuka, kwa sababu mstari wa kufuzu ni 60. Katuni za vichekesho vikali, zinazopendwa sana na wachache na kuwaudhi wengi, huumizwa na hesabu hii. Katuni ya wastani isiyomuudhi mtu huneemeka.

IMDb, tovuti ambako watazamaji hupiga kura, hutumia wastani uliowekewa uzito (kura zote hazina nguvu sawa), kwa hiyo ugonjwa wake ni tofauti. Chukua hesabu rahisi ya watu 100: sitini wanatoa 1, arobaini wanatoa 10. Wastani ni 4.6. Hakuna hata mmoja kati yao anayeamini katuni ni ya 4.6. Namba ya katikati imezaliwa na kambi mbili zinazogombana. Velma ilishuka chini ya 2 kati ya 10 kwa watazamaji, wakati wahakiki walikuwa wamegawanyika tu. Pengo kama hilo ni dalili kwamba watu wamekuja kwa makundi kupiga kura ya hasira. Halithibitishi kwamba katuni ni nzuri, wala kwamba ni mbaya kiasi hicho. Cha kutazama ni mchoro wa mgawanyo wa kura: nguzo ndefu kwenye 1 na nyingine kwenye 10, katikati jangwa, ni vita, mlima mmoja kwenye 4 na 5 ni katuni dhaifu kweli.

Na waliotazama si waliopenda. HBO Max walitangaza kwamba uzinduzi wa Velma ulikuwa mkubwa kuliko wa katuni nyingine yoyote waliyoizindua wao wenyewe. Wengi walifungua wapate cha kusema. Ilipata msimu wa pili mwaka 2024, kisha ikasitishwa mwaka huo huo. Kinyume chake ni Family Guy: ilianza 1999, ikafutwa 2002 kwa kukosa watazamaji wa kutosha, kisha ikarudi Mei 2005 baada ya DVD zake kuuzwa sana na marudio yake ya usiku kuvuta watu. Wapenzi wake walikuwepo muda wote, ila hawakuwa mbele ya televisheni saa ile iliyopimwa.

Kibanda nacho ni mizani, ila kina makengeza

Mwenye kibanda ana kipimo ambacho tovuti hazina: anaona uso wa mtu, anasikia miguno, anajua nani katoka dakika ya ngapi. Hata hivyo mizani yake ina makengeza yanayohitaji kusahihishwa.

Kubwa ni saa. Jioni na usiku ni za mpira. Katuni hupewa mchana, na mchana wanaokuja ni watoto, kwa imani kwamba katuni ni mambo ya watoto. Imani hiyo ni ya ajabu kidogo kwa nchi ambayo watu wazima walicheka na Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, kisha na kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa jarida la Sani. Vichekesho vya kuchorwa kwa ajili ya wakubwa si vigeni kwetu. Kilichobadilika ni kwamba vinasogea na vinazungumza Kiingereza. Mtoto wa miaka tisa akitazama katuni inayocheka talaka na mikopo ya benki, atasema inaboa. Mzazi akipita mlangoni akasikia lugha inayotumika, atasema ni ya laana. Zote mbili ni hukumu juu ya upangaji wa saa. Mwenye kibanda aangalie daraja la umri kabla ya kuibandika kwenye ubao, hata kama picha ya jalada ina sungura.

Kigoma kuna kengeza jingine ambalo Tabora hawalijui: mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaa vizuri taa hazivuti dagaa, wavuvi wanabaki nchi kavu, na vibanda vya Kibirizi na Ujiji vinajaa wanaume wenye muda. Katuni iliyoonyeshwa siku za giza mbele ya viti vitupu, kisha ikalinganishwa na nyingine iliyoonyeshwa mwezi mpevu, imeonewa. Linganisha giza na giza, mbalamwezi na mbalamwezi.

La tatu ni wingi wenyewe. Mtafiti Mmarekani wa kicheko, Robert Provine, aliona kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Aliyetazama kwenye simu na spika za masikioni, kitandani, akiwa anahesabu MB, alikuwa kwenye mazingira magumu kuliko yote ya kucheka. Katuni za siku hizi hazina tena sauti ya watu wanaocheka iliyowekwa nyuma, kama iliyokuwemo kwenye The Flintstones ya miaka ya 1960. Hakuna anayemwonyesha pa kuanzia. Kibandani jirani anacheka, nawe unafuata.

Kuijaribu bila kupoteza bando

Kwa ubora wa chini unaotosha skrini ya simu, tuseme megabiti moja kwa sekunde, sehemu ya dakika 22 hula MB 165. Mbili zinakula MB 330. Zitumie hivi: tazama ya kwanza, kisha ruka mpaka ya nne. Ya kwanza iliandikwa kuwashawishi wenye pesa, imejaa utambulisho, na karibu kila katuni huwa nzito pale. Inapofika ya nne, waandishi wameshawasikia waigizaji wao na wanajua nani anachekesha akikasirika na nani akinyamaza. Kama ya nne ina kosa lile lile la ya kwanza, basi ni tabia ya katuni hiyo. Futa, okoa bando. Kama imepungua, rudi kwenye ya pili.

Mwenye kibanda hana haja ya bando, ana mlango. Aandike dakika ambazo watu wanatoka. Wakianza kutoka kabla ya dakika ya kumi, wahusika hawajapendwa. Wakitoka baada ya robo saa, wahusika wanakubalika ila hadithi imekwisha nguvu na vichekesho vinajirudia. Wakigunaguna na kutazamana kila baada ya sentensi mbili, msimulizi anaizidi katuni kasi. Na wakikaa wote mpaka mwisho, wametulia tuli, hakuna anayecheka wala anayelalamika, asiwahi kumlaumu mwandishi. Aende nyuma akaangalie waya wa spika.